Chungu Kilichomsonya Kungwi

Ujumbe wenyewe niliupokea nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda, nyuma ya ukuta wa jiko la mama mkwe.

Mshenga wangu, mzee Chitundu, alitoka mlangoni, akajikohoza, akaweka koti sawa.

"Kalaba mwanangu, huko ndani wanakusalimu."

"Nimepokea, mzee."

"Na wanasema chungu chako kimemsonya kungwi."

Nikadhani masikio yangu yana matatizo.

"Kimefanya nini?"

"Kimemsonya. Msonyo mrefu, wa dharau, mbele ya watu. Sasa wanauliza, umekituma au kimejituma?"

Nilikuwa nimebakiza hatua moja kupata mke, na hatua yenyewe ilikuwa mikononi mwa huyo bibi aliyesonywa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Mimi nauza betri za magari pale soko la Chisokone, mjini Kitwe, Zambia. Mchumba wangu anaitwa Mapalo. Mama yake ni mjane, anakaa mtaa wa Buchi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Sote tunamwita Mama Mapalo.

Sasa kwetu sisi, mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Jikoni nini, hata usoni hamtazami. Mkikutana njiani unaacha njia, unajifanya umedondosha kitu majanini. Kuongea naye ndiyo usiseme kabisa. Ukiwa na neno unampa mshenga, mshenga analipeleka.

Na kwake huli. Hata maji hunywi.

Mpaka ifike siku ya kuonyeshwa moto. Siku hiyo wanawake wa upande wa binti wanapika, wanabeba vyungu kichwani, wanakuja kwako wakiimba, wanakufunulia chakula kimoja kimoja. Ukishaonyeshwa moto wewe ni mtoto wa nyumba ile, na harusi inapangwa. Usipoonyeshwa, utaizunguka ile nyumba mpaka uote mvi.

Mahari nilishamaliza. Kilichobaki kilikuwa moto tu, na Mama Mapalo alishaanza kuchagua karanga za kuungia mboga za siku hiyo.

Kumbe sikujua kutulia.

Mimi ni mtu wa maharage. Nyumbani kwangu nilikuwa na presha kuka ya umeme, na ndiyo iliyoniokoa kwenye ubachela. Umeme wetu ni wa mgao, unakuja kama mgeni wa heshima, unakaa kidogo, unaaga. Maharage kwenye mkaa yanakula mchana mzima. Kwenye kile chungu, umeme ukija tu unatumbukiza, unakwenda kuoga, ukirudi yameiva.

Siku moja Mapalo akaniambia, "Mama anakohoa sana. Mkaa utammaliza."

Nikamwonea huruma mama wa watu. Na tusifichane, nikaona pia nafasi ya kung'ara. Wakwe wengine wanapeleka vitenge. Mimi nitapeleka chungu cha kisasa.

Nikanunua kikubwa, kinang'aa, nikamkabidhi mzee Chitundu apeleke.

Mzee Chitundu ni mstaafu wa mgodini, mtu mwema, hana choyo. Ana ugonjwa mmoja tu. Haamini kwamba ujumbe unaweza kupelekwa uchi. Lazima auvishe. Ukimwambia "waambie nitachelewa," atafika huko aanze na habari za mvua, aje kwenye afya za wajukuu, apitie methali mbili tatu, ndipo na wewe uchelewe.

Nikamkalisha nikamfundisha.

"Mzee, sufuria ya ndani inakaa humu humu, haitoki. Tia maharage, tia maji, yasipite huu mstari. Angalia huu mpira wa mfuniko umekaa vizuri. Funga mpaka usikie ka. Hiki kidude cha juu kigeuze upande wa kufunga. Bonyeza hapa penye maharage. Kikimaliza usifungue, ngoja hiki kipini kishuke chenyewe. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Hebu rudia."

"Nimeshika bwana. Mimi nimeozesha mabinti wa watu wewe hujazaliwa."

Akaenda. Akarudi anatabasamu.

"Wamefurahi mno. Mama anasema sufuria nzuri, Mungu akuzidishie."

"Umewaeleza matumizi?"

"Nimewaeleza."

"Yote?"

"Yaliyo muhimu."

Nikalala usingizi wa mkwe bora Kitwe nzima.

Baada ya muda Mapalo akapita pale kibandani kwangu, anacheka peke yake.

"Mama anaipenda sufuria yako. Kila akimaliza kupika anaisugua na majivu mpaka ing'ae."

"Majivu ya nini tena?"

"Ya kutolea masizi."

"Masizi yametoka wapi, Mapalo? Ile si ya umeme?"

"Anaibandika kwenye mkaa."

Nikaweka betri chini taratibu. "Na lile jiko lake je? Lile pipa lenye waya?"

"La unga. Anasema mfuniko unabana vizuri, mende hawaingii."

Nilicheka mpaka mteja akaondoka. Jamani, presha kuka nzima, ya umeme, imekuwa kopo la unga wa nshima, yaani ugali, na waya wake umefungwa kifundo pembeni.

Hapo ningenyamaza, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nani ananyamaza akijiona anajua? Nikampigia mzee Chitundu.

"Mzee, mwambie mama kile chungu hakihitaji moto."

Na siku hiyo, sijui ni mkosi gani, mzee Chitundu alikuwa anawahi mazishi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaupeleka ujumbe uchi kama ulivyozaliwa. Alisimama getini, wala hakukaa, akasema, "Mkwe anasema chungu chake hakihitaji moto." Akaondoka.

Mama Mapalo alikuwa na ungo mapajani, anachagua karanga za siku yangu.

Jioni Mapalo akapiga simu. Sauti nikaijua tu, kimenuka.

"Umemwambia nini mama?"

"Nimemwelekeza chungu. Kwani vipi?"

"Wewe unajua anajiandaa kukuonyesha moto. Unamtumia chungu, halafu unamwambia hakihitaji moto. Ulitaka aelewe nini?"

Ukiisikia hivyo, kweli, ilikuwa tusi la kutosha.

"Karanga amezirudisha kwenye gunia," akasema. "Anasema kama moto hauhitajiki, basi ameuzima. Anasema atanioza kwa mtu mwenye njaa."

"Si ungemwelewesha?"

"Mimi? Mimi ni binti, Kalaba. Hayo ni ya kwenu wakubwa. Tuma mshenga wako." Akakata.

Presha ilinipanda mimi badala ya chungu.

Nikaanza kuhangaika. Nikatuma kitenge, kikarudi na shukrani. Nikatuma jogoo, akarudi naye na shukrani, tena ameongezeka uzito. Nikamwambia mzee Chitundu autengeneze ujumbe, auvishe, auvishe mpaka viatu. Akaenda akaongea mpaka jua likazama. Jibu likawa moja tu, tumesikia.

Nikawa napita mtaani kwao kwa mbali, natazama tu. Siku moja nikaona kitu kikanitia hofu. Jikoni kwa Mama Mapalo hakutoki moshi. Nikapita siku nyingine, hakuna moshi. Muuza mkaa wa pale kona akaniuliza mwenyewe.

"Wewe si ndiye mkwe wa pale? Mama haji kununua mkaa siku hizi. Anaumwa?"

Nikajua sasa nimeua. Hasira imemfika mjane wa watu mahali hata kupika ameacha. Nikamwona kichwani, amekaa gizani, anatafuna ugali wa jana bila mboga kwa sababu yangu. Niliumia, nawaambieni, na betri zote pale kibandani nikaziona hazina maana.

Ndipo mzee Chitundu akaja na ujumbe mpya.

"Mama anasema hivi. Kabla yeye hajakuonyesha moto wake, wewe uje umwonyeshe wa kwako. Jumamosi asubuhi umeme ukiwepo. Maharage anayo. Wewe utakaa nje nyuma ya ukuta, mimi nitapita kati. Na kungwi atakuwepo kushuhudia."

Kungwi tena! Huyo ni Bibi Kaluba. Nusu ya wanawake walioolewa Buchi wamepita mikononi mwake. Akikutazama unakumbuka dhambi za utotoni. Akisema huyu hafai, hakuna mshenga wa kukunasua.

Jumamosi ikafika. Nikapewa kreti langu nyuma ya ukuta. Dirisha la jiko liko juu ya kichwa changu, wazi. Kila neno linalosemwa ndani nalisikia, na wao wananisikia. Lakini utaratibu ni utaratibu.

Ndani Mama Mapalo akasema kwa ile sauti yake, "Muulize tuanze na nini."

"Maji," nikajibu.

Mzee Chitundu akachomoza kichwa mlangoni. "Nani kakuuliza?"

"Si nimesikia."

"Usisikie. Ukisikia wewe, mimi nimekuja kufanya nini?" Akatoka nje kabisa, akasimama mbele yangu. "Mama anauliza waanze na nini."

"Mwambie maji."

Akarudi ndani. Nikamsikia. "Mkwe anawasalimu. Anasema mto una chemchemi yake, na mtoto ana tumbo alilotoka."

Sikusikia maji yakimiminwa.

"Yaani maji," akamalizia.

Tukaenda hivyo hivyo. Maji, maharage, mpira. Tukafika kwenye mfuniko.

"Mama anasema mfuniko umegoma."

"Augeuze kufuata saa."

Akaingia, akatoka. "Anauliza saa ipi, maana ile ya ukutani imesimama."

"Augeuze mkono wa kulia, mzee. Wa kulia."

"Wa kwake au wa chungu?"

Nikajikaza kisabuni. Hatimaye nikasikia ka. Mama Mapalo akatangaza kuwa kimebonyezwa. Tukangoja. Redio ya jirani inapiga kwaya, kuku wanaparua, mimi naomba Mungu.

Halafu ndani ikasikika, fyuuuuu.

Ndefu. Inatoka kwenye meno, unaweza kusema.

Mzee Chitundu akatoka na ule ujumbe niliowaambia mwanzo, kwamba chungu kimemsonya kungwi, na wanataka kujua nimekituma au kimejituma.

"Mzee, ule ni mvuke. Ni kawaida yake. Mwambie Bibi anisamehe, kinapumua tu."

Akaenda, akarudi.

"Bibi anasema mvuke anaufahamu, amepika tangu ukoloni, na hakuna sufuria iliyowahi kumtazama ikamsonya. Anasema maishani amesonywa mara moja tu, na huyo aliyemsonya alihama mtaa."

Nikashika kichwa. Hata sijajibu, ile kwaya ya jirani ikakatika katikati ya wimbo. Mgao.

Mama Mapalo akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Umeme umekwenda. Basi kimekufa hiki. Bibi, nipe kisu nikibandue mfuniko, maharage tukamalizie kwenye mkaa."

Nikamvuta mzee Chitundu koti.

Umeme ukikatika chungu hakifi. Mvuke wote uko mle ndani umebanwa. Mtu akiulazimisha mfuniko kwa kisu, akafanikiwa, yale maji yanamrukia usoni yakiwa yanachemka.

"Mzee," nikasema, "kimbia. Mwambie asiguse. Mvuke bado umo, utamuunguza uso."

Mzee Chitundu akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Nianze na salamu?"

"Usianze na kitu chochote!"

"Mwanangu, kungwi yumo mle. Siwezi kumwingilia kungwi bila salamu."

Akaanza kutembea. Akafika mlangoni, akapangusa kiatu cha kulia, akapangusa cha kushoto. Mimi nasikia chuma kinagonga chuma ndani.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, mzee."

"Ahsante. Kwanza nawasalimu tena. Pili nashukuru kwa mapokezi yenu, maana si kila nyumba inajua kupokea..."

Kisu kinagonga. Kwa. Kwa. Nikasikia Mama Mapalo anasema, "Huo, unaanza kuachia."

Sikufikiri. Ningefikiri nisingenyanyuka. Nilijikuta nimempita mzee Chitundu mlangoni, karibu nimwangushe, nimefika jikoni, nimemshika mama mkwe wangu mkono wenye kisu, na kile chungu nimekisukuma kwa kiganja juu ya mfuniko kikaenda mbali naye.

"Mama, acha! Utaungua."

Nikiwa nimemtazama usoni.

Ana kovu dogo juu ya nyusi. Nimemchumbia bintiye muda wote ule, sikuwahi kujua.

Bibi Kaluba alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametulia tuli. Mimi nikaanza kuhesabu makosa yangu kimoyomoyo. Nimeingia jikoni. Nimemtazama. Nimeongea naye. Nimemkemea. Na mkono wake bado nimeushika.

Nikauachia.

"Mtoeni," Bibi Kaluba akasema.

Nikatoka mwenyewe. Pale mlangoni mzee Chitundu alikuwa bado anaendelea, "...na wajukuu nao natumaini hawajambo?"

Nikaenda nyumbani nikajifungia. Mapalo nampigia, hapokei. Mzee Chitundu nampigia, hapokei. Nikakitazama chungu changu pale mezani, nikakigeuzia ukuta. Kitu kimoja tu kilinipa nguvu, kiganja hakikuungua. Nikasema hata hivyo Mungu ana huruma. Mke nimekosa, mkono ninao.

Jumapili nikiwa nimejilaza, nikasikia nyimbo.

Mwanzoni nikadhani ni kanisa la jirani. Zikazidi kusogea. Nikachungulia dirishani. Wanawake wamejaa barabarani, vyungu kichwani vimefunikwa vitambaa, Bibi Kaluba mbele anacheza kama msichana, nyuma kabisa mzee Chitundu na koti lake la sikukuu.

Wamekuja kunionyesha moto.

Sikuelewa, lakini nani anauliza? Nikavaa shati, nikafagia, nikatandika mikeka. Wakaingia wanatambaa kwa magoti wanaimba. Wakaanza kufunua. Kuku wa kienyeji mzima. Majani ya maboga yaliyoungwa karanga, zile zile karanga. Kisamvu. Viwavi vikavu. Perege. Kibuyu cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi.

Chungu cha mwisho kilifunikwa kitambaa cheupe. Mama Mapalo akakifunua mwenyewe.

Ilikuwa ile sufuria ya ndani ya presha kuka, haina hata alama ya sizi. Imejaa maharage, yameiva mpaka yanajitafuna.

Akakaa mkekani mbele yangu. Mzee Chitundu akajikohoza asogee kati yetu, mama akainua mkono.

"Leo pumzika, mzee. Nitaongea naye mwenyewe."

Nikainamisha uso.

"Nitazame. Si ulishanitazama jana?"

Nikamtazama.

"Mapalo ana dada yake, Chola. Unamsikia?"

"Namsikia, mama."

"Mume wa Chola ana heshima kukushinda wewe mara nyingi. Hajawahi kunitazama. Nikipita anaacha njia mpaka anaingia kwenye mtaro. Siku uchungu ulipomshika Chola mapema, alikuwa jikoni kwangu. Akaanguka. Mimi peke yangu namwinua, siwezi. Nikapiga kelele. Mume wake alikuwa pale getini. Alinisikia."

Akakunja kile kitambaa cheupe mapajani.

"Hakuingia. Mama mkwe yuko jikoni, ataingiaje? Akaenda kutafuta mwanamke wa kumtuma."

"Alimpata?" nikauliza.

"Mwanamke alimpata. Mtoto hatukumpata."

Sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Na hakukosea," akaendelea. "Ukoo mzima ulikaa, wakasema hakukosea. Mpaka leo ananiamkia vizuri sana."

Hapo ndipo kichwa changu kikaanza kufanya kazi, pole pole.

"Mama, kile kisu..."

"Cha kupakia siagi kwenye mkate, baba. Hata hukukiangalia."

"Na umeme?"

"Ulikatika kweli. Mgao una ratiba, tuliungojea."

"Na maharage?"

"Tulikuwa tumeyala asubuhi. Chungu kilikuwa kitupu, hata hakikuwashwa. Ulikishika kwa kiganja, kilikuunguza?"

Nikakitazama kiganja changu. Bahati yangu yote ya Mungu ilikuwa chungu cha baridi.

"Lakini kilisonya," nikasema. "Mimi mwenyewe nilikisikia."

Wanawake wakatazamana. Bibi Kaluba akageuza uso akatazama ukuta, akavuta midomo, ikatoka, fyuuuuu.

Ndefu, ya dharau, ile ile.

Mikeka mizima ikaangua kicheko. Nikamgeukia mzee Chitundu.

"Na wewe ulijua?"

"Waliniomba nikawie," akasema.

"Hakuhitaji kuombwa," Mama Mapalo akasema, na mzee hakupinga.

"Sasa mama, mbona nilipita kwako sikuona moshi? Nilifikiri umeacha kula."

Ndipo nikamwona anaona aibu kidogo.

"Ile wiki niliyorudisha karanga, Mapalo alinitolea unga mle kwenye chungu chako akanionyesha kinavyotumika. Toka siku hiyo mkaa nimesahau. Na kifua kimepona, umenisikia nikikohoa jana?"

Kweli, sikumsikia. Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha lake asubuhi nzima.

"Na unga niliuweka kweli," akasema. "Usinicheke."

"Sicheki, mama. Ila mbona hukutuma neno kwamba umekipenda?"

"Ningetuma neno hilo, ungejuaje kama bado nimekasirika?"

Akachukua nshima, akamega tonge, akachovya kwenye maharage, akaninyooshea. Mkono ule ule niliomshika.

"Desturi inasema mimi nikuonyeshe moto. Mimi nilitaka kwanza niuone wa kwako. Nimeuona. Sasa kula."

Nikala. Machozi yakanitoka mbele ya kina mama wote, nikasingizia pilipili, na maharage hayakuwa na pilipili.

Mapalo ni mke wangu sasa. Kila Jumamosi umeme ukija napeleka maharage Buchi. Mama mkwe anakaa sebuleni, mimi natumbukiza. Akitaka chumvi ipunguzwe anamwambia mzee Chitundu, na mimi naambiwa nisisikie.

Haya, msije mkaondoka mikono mitupu. Ukinunua presha kuka ya umeme, sufuria ya ndani ikae ndani, mpira uukague, maji yasipite mstari, na mfuniko usiuguse mpaka kipini kishuke chenyewe. Usiwekee unga.

Na heshima ni kitu kizuri, mimi mpaka kesho nikimwona mama mkwe njiani naacha njia. Lakini ukisikia mtu anapiga kelele ndani, ingia kwanza. Salamu utatoa baadaye.

Mzee Chitundu nimemsomea yote haya kabla ya kuyaweka hapa. Anasema ni mazuri, ila nimeanza ovyo, sikusalimia watu.

Haya basi. Hamjambo?